Alama Kumi na Moja za Injinia Shafi

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye lango la chuo kimoja cha binafsi mjini Kitale, na watu walikuwa wakilipita bila habari nalo. Shafi alisoma mstari wa kwanza, akasimama katikati ya njia mpaka bodaboda akampigia honi. Madarasa yote ya zamani ya mtandaoni, tangazo lilisema, yatafungwa na kuwekwa kwenye hifadhi, na chuo kinatafuta mtaalamu wa kazi hiyo. Mstari wa pili ulihusu mambo ya kurudia mitihani. Huo hakuusoma, na tusimlaumu, maana mjanja husoma mpaka pale anapopataka yeye.

"Alhamdulillahi," akasema, na kwa mara ya kwanza mwezi ule alimaanisha.

Shida yake ilikuwa hii. Mji mzima ulimwita Injinia, jina alilojipa mwenyewe baada ya kurekebisha redio ya msusi mmoja. Kule Bungoma, Mzee Abdikarim, mwenye duka la mabati na misumari karibu na msikiti, alikuwa na binti aitwaye Aaliyah, na Shafi alikuwa hali wala halali kwa ajili yake. Mzee hakutaka maneno mengi. "Unasema una diploma ya kompyuta. Niione kwa macho yangu, ndio tuongee nikaha. Bila hiyo, kijana, usinizoee."

Nayo diploma haikuwepo. Miaka minne nyuma Shafi alisoma katika chuo hicho hicho, akapita kila kitu isipokuwa mtihani wa mwisho wa vitendo. Siku ya mtihani alikuwa Endebess akiuza kava za simu, kwa hiyo alituma ukurasa wenye jina lake na tarehe. Walimpa kumi na moja kwa mia, na hata hizo zilikuwa za huruma.

Sasa, anayeyafunga madarasa ya zamani lazima kwanza ayafungue. Unaona akili ya mtu?

Siku hiyo hiyo alikuwa mbele ya mkurugenzi, Bwana Gathii, mtu aliyependa cha bure kuliko chai ya asubuhi.

"Mkurugenzi, una wanafunzi wangapi?"

"Mia mbili na kumi. Kwani?"

"Mtandao wako umebeba elfu tatu! Wengine wameshaoa, wengine wako Qatar, lakini picha zao na insha zao bado zinakula nafasi yako. Si ndio maana kila kitu kinakwama?"

Gathii akashtuka kana kwamba elfu tatu hao walikuwa jikoni kwake. "Na wewe unataka nini?"

"Mimi? Barua ya shukrani tu."

Gathii aliinua macho kwenye dari ili furaha isionekane. Masikini, alidhani yeye ndiye anayelaghai.

Msajili wa chuo aliitwa Mukami, mama wa miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimwangalia Shafi kwa muda mrefu kidogo.

"Ni kama hii sura naijua."

"Nina sura ya kawaida, madam. Watu hunichanganya."

"Haya, Injinia. Yako madarasa mia moja arobaini na sita. Kila darasa unatoa nakala, unaficha namba za simu na za vitambulisho vya wanafunzi, unaandika mwaka na mwalimu, halafu unafunga. Likifungwa, hakuna mtu wa kubadilisha kitu. Nitakufungulia moja moja, kwa orodha yangu."

Shafi akaipitia orodha. Darasa lake lilikuwa la mwisho kabisa, namba mia moja arobaini na sita.

"Si tuanzie chini, madam?"

"Hatuanzii chini."

Basi mwanamume akafanya kazi. Wiki tatu, ndugu zangu, mtu ambaye hajawahi kuwahi popote, akawa anafika kabla ya mlinzi! Siku za kwanza alijaribu njia za mkato, na kila mara Mukami alimrudishia darasa. "Namba ya simu imebaki hapa. Rudia." Akarudia huku akilaani. Kufikia darasa la sitini alikuwa ameanza kuwakasirikia walimu waliopakia mtihani mmoja mara arobaini. "Ati hawa walisomea wapi, bana?" akafoka peke yake.

Asubuhi moja akaja mama kutoka Kimilili, jina lake Edinah. Nyumba yake ilikuwa imeungua na vyeti vyote, na kazi ya hospitali ilikuwa inamsubiri mpaka Jumatatu. Shafi aliyapata matokeo yake kwa dakika mbili, yakiwa safi, mahali alipoyaweka kwa mkono wake. Edinah akalia, akamwombea baraka za watoto na wajukuu. Shafi alihisi joto kifuani, akailaumu chapati.

Alhamisi ya mwisho, darasa lake likafunguliwa. Mukami akasimama. "Naenda kuchukua chai. Malizia hilo."

Mlango ulipofungwa tu, kumi na moja ikawa tisini na moja. Akalifunga darasa, akachapisha matokeo, akaibusu karatasi. Mlango ukafunguka tena. Mukami aliingia na vikombe vitatu vya chai, na nyuma yake, amevaa kofia yake ya Ijumaa siku ya Alhamisi, Mzee Abdikarim.

"Mzee alinipigia wiki ya kwanza kuulizia diploma yako," Mukami akasema. "Nikamwambia aje leo."

"Tisini na moja, mzee wangu!" Shafi akanyoosha karatasi.

Mukami aligeuza kompyuta. "Hii ni nakala niliyofunga kabla hujafika. Kumi na moja. Na hapa mtandao umeandika: alama imebadilishwa leo, saa nne na dakika kumi na mbili, na Shafi."

Wallahi, Shafi alitamani yeye mwenyewe awekwe kwenye hifadhi.

"Ulinijua?"

"Siku ya kwanza. Picha yako imo humo, na shati ni hilo hilo." Akamgeukia mzee. "Mtihani alioukimbia ulikuwa huu: panga madarasa kumi ya zamani, ficha siri za wanafunzi, funga. Kurudia kunaruhusiwa mpaka miaka mitano, tangazo lilisema. Yeye amepanga mia moja arobaini na tano, na nimesahihisha kila moja. Nimempa hamsini na nane."

"Hiyo ni kupita?" Mzee akauliza.

"Hamsini ni kupita. Diploma ni yake."

Hapo Shafi akasahau hofu, akasahau na mkwe. "Hamsini na nane! Madam, wiki tatu! Kazi safi, umeikagua mwenyewe! Hiyo si haki!"

Mukami akanywa chai yake taratibu.

"Mpaka saa nne na dakika kumi na moja, ulikuwa na tisini na moja."

Mzee Abdikarim alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kanzu. "Binti yangu aliniambia wewe ni mwongo na mvivu," akasema akijifuta machozi. "Uvivu sijauona. Uongo nitamwachia yeye autoe."

Nikaha ilifungwa. Diploma nayo inaning'inia dukani Bungoma, kando ya misumari, na alama zake chini, zikitazama mlango. Mzee ndiye aliyeitundika, na wateja wakiuliza, mwenye kueleza ni Shafi.