Je, Ziwa Tulivu Linafungwa?

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua hapa mjini Bath. Skrini ya ofisini, inayotupanga waandishi kwa idadi ya wasomaji, imeniweka wa mwisho tena. Wasomaji 212 wiki nzima, na kumi kati yao ni mimi. Gethin wa meza ya pili anaongoza kwa orodha ya farasi kumi wenye sura mbaya kuliko wote katika gemu. Farasi! Mimi niliyewahi kucheza gemu moja saa tisini kabla ya kuthubutu kuipa alama saba kwa kumi. Mhariri wa jarida letu la gemu, Morwenna, ameniambia kwa upole kwamba atakayekuwa wa mwisho mwaka ukiisha ataondoka. Akanipa biskuti. Imelowa.

Jumanne, 4 Novemba

Mbinu nimeipata! Ziwa Tulivu, gemu ya mtandaoni ya kuvua samaki, ina miaka kumi na tisa. Juzi ilizimwa kwa saa mbili, matengenezo tu. Nikaandika: "Je, Ziwa Tulivu Linafungwa?" Sikusema linafungwa. Nimeuliza. Aya sita, na ya mwisho inakiri kwamba hatujui. Hakuna anayefika aya ya mwisho.

Jumatano, 5 Novemba

Wasomaji 41,000! Gethin kaisoma skrini mara mbili.

Barua pepe kutoka kwa Bwana Ollerton wa Swindon. Ananisoma tangu tulipokuwa gazeti la karatasi na mimi nina nywele. Anasema yeye na marehemu mkewe, Maureen, walijenga kibanda kando ya ziwa lile, ndani ya gemu. Kofia ya Maureen bado imetundikwa mlangoni. Kila siku baada ya chai huingia, huketi karibu nayo, hutupa ndoana. Wengine wote siwaamini, anasema, lakini wewe niambie, kijana wangu, ni kweli?

Kijana! Nina miaka hamsini na mbili. Nikaandika: hapana, nimebuni. Morwenna akapita, akininyooshea dole gumba la pongezi. Nikafuta. Nikaandika: tunafuatilia.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimefuatilia: "Ishara Tano Kwamba Ziwa Tulivu Linakufa." Ishara ya tano ni kwamba watu wanahama. Wanahama kweli. Nani apande maua penye nyumba anayoambiwa itabomolewa? Gethin akaniuliza mbele ya watu: "Mganga, ziwa umelitabiria au umeliroga?" Ofisi nzima ikacheka. Wivu.

Jumanne, 18 Novemba

Wenye gemu wametangaza. Theluthi mbili ya wachezaji wameondoka ndani ya wiki mbili, gharama hazibebeki. Linafungwa tarehe 30.

Morwenna akapiga makofi: tulikuwa wa kwanza! Ikaletwa keki. Nikala vipande viwili, cha pili kwa shida.

Bwana Ollerton ameandika mstari mmoja. Ulisema kweli, niwie radhi kwa kukutilia shaka.

Jumapili, 30 Novemba

Nimeingia ziwani. Tulikuwa kama mia. Kila mmoja alikuwa akirudisha majini samaki wake wa akiba, mmoja mmoja, miaka kumi na tisa ya samaki. Bwana Ollerton alikuwa kibandani. Viti viwili. Nikakaa. Akaniomba taratibu niinuke, kile ni cha Maureen. Nikainuka. Akauliza kama kuna namna ya kuitoa ile kofia, hata picha yake tu. Nikamwambia nitamtumia picha. Kisha nikaanza kumwandikia: Bwana Ollerton, ziwa hili ni mimi niliye—

Saa tisa alasiri, saa ya kufungwa, ikafika. Skrini ikawa kijivu. Sentensi ilibaki kwangu.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimeshuka hadi nafasi ya tatu. Gethin ana paka sasa. Orodha ya paka!

Lakini picha niliyoinasa kibandani kabla ya kuzimwa ninayo: mzee, kiti kitupu, kofia. Nimeikata ili kiti kionekane vizuri. Kichwa cha habari kimenijia chenyewe nikisubiri birika: "Alirudi Kibandani kwa Marehemu Mkewe Mara ya Mwisho. Hutaamini Alichomwambia Mwandishi Wetu."

Alichoniambia ni kwamba niinuke. Hilo nimeliweka katika aya ya mwisho.

Wasomaji 60,000 kufikia saa sita mchana. Ahadi ni deni: Bwana Ollerton nimemtumia picha yake, ndani ya habari, awe miongoni mwa wa kwanza kusoma. Mpaka jioni hajajibu.

Labda hajafika mwisho.