Kiuno Changu na Fundi wa Cherehani

Jumatatu, 3 Machi

Nimepima kiuno. Thelathini na sita! Tangu nimzae binti yangu, kiuno hiki ni thelathini na nane. Mshonaji hasahau kiuno chake. Jamani, nayeyuka!

Niseme ukweli, hapa hasomi mtu. Juzi Jumamosi jioni fundi wa cherehani alikuja kubadilisha mkanda wa mashine yangu. Mvua ikamzuia. Nikampa chai. Nikampa chakula. Mvua ikakatika, hakuna aliyeshughulika nayo. Tangu mume wangu afariki, nyumba hii haijasikia mtu mwingine akikohoa. Kinga hatukutumia. Wala hatukuulizana. Ningeulizaje? Mtu nimemwona mara chache, na kila mara ameshika bisibisi.

Asubuhi hii redio nayo: aliyekutana na mtu bila kinga awahi zahanati ndani ya siku tatu, kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Inanisema mimi!

Muda upo. Nitakwenda kesho, nikipata namna ya kutotambulika. Kikombe alichonywea nimekichemsha. Kisha nimekichemsha tena.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: kujificha usoni. Mama Miwani, mshonaji mwenzangu tunayegawana baraza, ana miwani ya zamani. Nimeiazima, nikasema nataka kutunga uzi mwembamba. Akasema afadhali, labda sasa mishono yangu itanyooka. Nikaipokea tu. Mwanamke yule ukimwambia siri, mtaa unakupa pole kabla hujafunga mdomo.

Nikavaa miwani na khanga hadi puani. Zahanati nzima ikawa ukungu. Nikakaa kwenye benchi lililojaa wanawake, nikajisemea, kumbe tuko wengi hivi! Kidogo nikafarijika. Zamu yangu ikafika, nikaulizwa mtoto yuko wapi. Benchi la chanjo!

Ningetoka. Lakini mama mmoja alikuwa na mapacha, akaniomba nimshikie mmoja akimpima mwenzake uzito. Mtoto akalala begani kwangu. Mzito, wa moto, ananuka maziwa. Nikaketi. Nikabembeleza. Sijabeba mtoto miaka. Nilipozinduka, chumba cha vipimo kimefungwa.

Jumatano, 5 Machi

Wanawake wa kwaya wamerudisha magauni niliyowashonea. Yote yanabana! Nikawaambia waache kula ovyo. Wengine tunakonda kwa mawazo, wao wanafutuka kama maandazi. Wameondoka wamenuna.

Zahanati tena, bila miwani. Muuguzi ni rika la binti yangu, ananiita mama. Nikamweleza kisa cha rafiki yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kama huyo rafiki ndiye aliyekalia hiki kiti. Nikalia.

Akasema dawa za kuzuia huanzwa ndani ya siku tatu. Ningefika jana. Nikamwambia jana nilifika, nilikuwa nabembeleza mtoto wa watu. Akaniangalia sana.

Amenichoma kidole. Nimejichoma sindano maisha yangu yote, leo nimepiga kelele hadi mlinzi kachungulia. Sina virusi! Nikainuka nimkumbatie, akaniketisha. Eti jibu hilo ni la mambo ya zamani. Ya Jumamosi bado hayawezi kuonekana. Nirudi baada ya mwezi na nusu, kisha miezi mitatu ikitimia.

Mengine aliyosema: kikombe hakiambukizi. Kukohoa hakuambukizi. Si kila aliyekutana na mwenye virusi ameambukizwa, wala mwenye virusi hajulikani kwa kumtazama. Nimuulize fundi, tuje tupime wote wawili. Akanipa na paketi ya kondomu. Nikamwambia kuhusu kiuno. Akanipandisha kwenye mizani. Nimenenepa!

Sielewi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeelewa. Mama Miwani amechukua futi yangu ya kupimia, ileile ya kitambaa niliyoanza nayo kazi, akailaza kando ya yake. Yangu imevutika! Ndefu kuliko yake kwa vidole kadhaa. Kwa hiyo kila mwili inaupunguza. Kisha mimi nakata kitambaa kwa rula ya mbao, ambayo haivutiki. Ole wangu, magauni yote ya kwaya! Mama Miwani alicheka mpaka miwani ikadondoka. Eti futi imechoka kukumbatia watu.

Kisha akaiokota, akauliza nina nini siku hizi. Akasogeza kigoda chake. Alikuwa anangoja kweli. Nikamwambia joto limezidi.

Jumapili, 9 Machi

Binti amepiga simu. Nikamwambia niko salama. Akasema nitafute mtu wa kuzungumza naye. Nikafungua mdomo. Mtandao ukakatika. Niliendelea kuishika simu sikioni.

Jumatano, 4 Juni

Kipimo cha mwisho. Sina virusi! Cha katikati nacho kilikuwa safi, lakini leo ndipo nimepumua. Muuguzi akafurahi, akauliza kama nilishamuuliza fundi. Nikasema nangoja apite. Akarudia yote toka mwanzo, kama mwalimu wa darasa la kwanza: ulizeni, pimeni, tumieni kinga. Nikaitikia kila neno.

Nimerudi nyumbani na habari njema na sina wa kumpa. Cherehani inashona vizuri. Haina tatizo hata moja.

Nimeukata mkanda kwa mkasi.

Alhamisi, 5 Juni

Fundi amekuja. Akautazama mkanda, akauliza kama nina panya. Nikasema mkubwa sana. Akacheka. Chai akaisifu. Swali nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo, nikalipanga vizuri, likatoka nje eti anapenda sukari kiasi gani.

Paketi ya muuguzi ipo juu ya kabati, nyuma kabisa. Siifikii bila kiti. Na kiti ninacho kimoja, alikuwa amekikalia yeye mpaka tulipozima taa.

Ijumaa, 6 Juni

Nimepima kiuno. Kwa futi ya zamani, ileile iliyovutika.

Thelathini na tano!