Mlinzi wa Geti na Fainali ya Ulaya

Leo sina pa kuficha uso. Natafuta shimo niingie, na hapa Jeddah kila mahali ni saruji.

Nawaambia mwenyewe kabla video haijawafikia. (Kama imeshawafikia, fungeni mdomo kwanza msome upande wangu.)

Kwa wasionijua, mimi ni Wafula, askari wa geti kwenye kompaundi moja hapa Nuzha, wanakokaa mainjinia kutoka Ulaya. Kazi yangu ni moja tu. Gari likija na kupiga honi, natazama stika kwenye kioo, kisha nainua kile chuma kirefu kinachofunga njia. Mashine yake iliharibika zamani, kwa hiyo nainua kwa mkono wa kulia. Chuma kikipanda, unaingia. Kikishuka, huingii hata uwe nani. Honi, mkono juu, ingia. Nimefanya hivyo miaka miwili na miezi minane.

Kule nyumbani Bungoma nina binti anaitwa Imani. Nilimwacha tumboni mwa mamake, na sasa ana miaka miwili na miezi mitatu. Nikipiga simu ya video anajificha nyuma ya mamake. Hanijui, na kusema kweli haniogopi bure, maana mtu usiyemjua akikutolea meno yote kwenye simu utafanyaje? Mwezi mzima uliopita sikuwa na wazo lingine ila likizo.

Sasa likizo yetu iko hivi. Ruhusa ya kutoka na kurudi inatolewa na ofisi ya kampuni ya ulinzi kule Riyadh. Ofisi haitoi mpaka mwenyekiti wa wakazi wa kompaundi aweke sahihi kwamba wanaweza kukaa bila wewe siku arobaini na tano. Mudir wetu, yaani meneja, Abu Turki, hupanda ndege kutoka Riyadh mara moja kila miezi mitatu kuja kukusanya karatasi hizo, na jioni hiyo hiyo anarudi. Siku yenyewe ilikuwa leo. Mwenyekiti wa wakazi ni Mister Marek, Mpolandi mmoja wa makamo, mpole, ila voliboli ikitajwa anabadilika rangi.

Asubuhi nilimpelekea karatasi yangu. Akasema atasaini, hakuna shida, lakini baada ya mechi.

Mechi gani tena?

Usiku huu ndiyo fainali ya ubingwa wa voliboli ya wanaume wa Ulaya, Poland na Italia. Wiki nzima mainjinia wa Poland na wale wa Italia wametupiana maneno kwenye bwawa la kuogelea, dukani, hata kwenye mapipa ya taka. Jana wakaamua wasisubiri televisheni. Wangecheza fainali yao wenyewe saa kumi alasiri, kwenye kiwanja kilicho hatua ishirini kutoka geti langu. Filimbi akapewa daktari mmoja Mfaransa. Akakosekana mtu wa kusimama kwenye kona na kibendera, wa kusema mpira umeingia au umetoka. Mserbia alikataliwa kwa sababu mke wake ni Mwitaliano. Mjerumani alikataliwa kwa sababu anafanya kazi chini ya Mister Marek. Wakageuka wote wakaniangalia mimi. Afrika haikuwa na timu kwenye fainali ile.

Mister Marek akaniuliza kama naijua voliboli. Nikasema naijua sana. (Shuleni nilikuwa yule wa kufuata mpira ukiingia kwenye mahindi.) Ungejibu nini wewe, mwenye kalamu ya kusainia likizo yako akikuuliza swali kama hilo?

Daktari akanifundisha kwa dakika mbili. Mpira ukiangukia ndani au ukigusa mstari, shusha kibendera chini. Ukiangukia nje, kiinue juu. Nikarudia mbele yake: chini ndani, juu nje. Akanipiga begani akasema mimi ni mtaalamu.

Mchana mke wa Mister Paolo, kapteni wa Waitaliano, akanitumia sahani ya tambi na nyama ya kusaga. Ana kawaida ya kuwapa askari chakula siku za mapumziko. Nikala pale pale getini, nikakomba sahani, nikasema shukran. Wapolandi wawili walipita wakaniona. Sikufikiria chochote. Njaa haina siasa.

Saa kumi mechi ikaanza. Mwenzangu Onyango, Mjaluo wa Kisumu tunayepanga naye chumba kimoja kule Bani Malik, akashika geti. Mimi nikasimama kwenye kona na kitambaa chekundu nilichofunga kwenye kijiti cha fagio. Jua lilikuwa bado kali na shati la kazi limenigandia mgongoni. Midomo yangu haikupumzika. Chini ndani, juu nje. Chini ndani, juu nje. Mtu angedhani nasali rozari.

Na nawaambieni ukweli, nilifanya vizuri! Seti ya kwanza Wapolandi wakachukua. Ya pili Waitaliano. Mipira ilianguka, kibendera kikashuka, kikapanda, hakuna aliyelalamika. Kufikia seti ya tatu, ile ya pointi kumi na tano, nilikuwa nimeanza kuvimba kichwa. Nikaacha kunong'ona. Nikasimama mguu pande kama nimezaliwa na kibendera mkononi. (Hapo ndipo mngeniombea.)

Kumi na nne Waitaliano, kumi na tatu Wapolandi. Wake na watoto wote wamesimama. Mpira ukainuliwa karibu na wavu, na Mister Marek akaruka. Mzee yule mwenye kitambi na goti bovu akaruka, jamani, akaupiga mpira kwa nguvu ambazo nadhani hajawahi kuwa nazo hata ujanani. Ukapita katikati ya mikono ya Waitaliano ukaja moja kwa moja kwenye kona yangu. Ukagusa mstari. Niliona chokaa ikiruka. Niliuona kwa macho yangu mawili, hatua moja kutoka kwenye viatu vyangu, umeingia.

Wakati huo huo gari la Abu Turki likafika getini na dereva akapiga honi.

Mkono wangu wa kulia ukapanda.

Mimi sikuuinua. Ulipanda wenyewe, na kibendera juu yake, ukasimama wima kabisa. Umeingia, honi, ingia, juu. Miaka miwili na miezi minane haifutwi na somo la dakika mbili. Daktari akatazama kibendera, akapuliza filimbi, akaonyesha mpira umetoka. Kumi na tano, kumi na tatu. Waitaliano wameshinda.

Kabla sijashusha mkono, Waitaliano wanne walikuwa wameninyakua. Wakaninyanyua mabegani wakiimba. Askari mwenye sare, saa za kazi, juu ya mabega ya mashabiki! Na chini pale, akitoka kwenye gari na mkoba wa karatasi mkononi, Abu Turki ananitazama.

Nikapiga kelele kwamba nishusheni, kuna makosa. Hawakusikia. Wapolandi wakaja mbio kudai haki yao, na wabebaji wangu wawili wa upande wa kushoto wakaniachia ili waende kugombana vizuri. Wa upande wa kulia hawakuniachia. Nikazunguka hewani, nikaangukia wavu, mguu ukanasa. Nikabaki nimening'inia kichwa chini, kofia imeenda, kibendera bado mkononi. Onyango, rafiki yangu wa chumba kimoja, badala ya kuja kuninasua, alikuwa anarekodi.

Waliponishusha Mister Marek alikuwa amesimama mbele yangu, anahema, uso mwekundu. Hakupaza sauti. Akaniuliza taratibu kabisa, "Wafula, ulikula sahani ngapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia, "Mister, mimi niliona umeingia. Ndiyo maana nikainua."

Daktari akaniuliza kama basi nakubali kwamba mpira uliingia. Nikasema uliingia kabisa, hata kipofu angesikia chokaa. Kwa nini basi niliinua kibendera? Nikaona maneno hayatoshi. Nikakimbia getini nikashika kile chuma nikakiinua mbele ya wote, nikawaambia: hivi ni kuingia! Lori la maji taka lililokuwa linasubiri nje likaona chuma kimepanda, likaingia. Nikawaambia, mmeona? Hakuna aliyeona. Walikuwa wanaziba pua.

Daktari akasema filimbi ikishapulizwa imepulizwa. Wapolandi wakatawanyika bila kunisemesha. Mmoja wao alitema mate pembeni, sijui kwa ajili yangu au kwa ajili ya lori.

Na hapa sasa ndipo ujinga wangu halisi unapoanza. Ile ya kibendera ilikuwa mkono. Hii ilikuwa akili.

Karatasi ya likizo ilikuwa mfukoni, haijasainiwa. Abu Turki yuko ofisini anakusanya za wenzangu. Kilichobaki ni mimi kumfuata Mister Marek nyumbani kwake, hatua mia moja, nibishe hodi, niseme samahani, naomba sahihi. Nilishindwa. Nilipiga picha kichwani anavyonifungulia mlango, na mimi na ile karatasi yangu, na tambi za watu tumboni, nikahisi aibu inanipanda mpaka masikioni. Nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikakaa chini. Nikazima sauti ya simu. Nilijiambia nitatulia dakika tano.

Sikutulia. Nililia kidogo. (Kidogo sana, na ilikuwa na jasho pia.)

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi kuzaa nimezaa, ila leo nimejificha mpaka nimeshindwa kwenda kumwona niliyemzaa.

Jua lilikuwa limezama na adhana ya magharibi imekwisha niliposikia hatua. Ni Mister Marek na chupa ya maji baridi. Alikuwa ameoga, amevaa jezi nyeupe ya Poland kwa ajili ya fainali ya kwenye televisheni. Akakaa chini kando yangu, goti lake likalia. Akasema amenitafuta kompaundi nzima. Onyango amemweleza habari ya geti na honi, na ameicheka mpaka mke wake amemfokea. Akasema ule ni mpira tu, watu wazima wamejisahau, na la tambi nimsamehe. Kisha akanyoosha mkono.

"Iko wapi karatasi ya mtoto?"

Alisema hivyo, karatasi ya mtoto. Nikaitoa, imelowa jasho, akaiweka juu ya goti lake zuri akasaini. Akapiga na muhuri, maana alikuja nao mfukoni. Nikasimama nikamshukuru mpaka Kizungu kikaniishia. Nikakimbia ofisini.

Ofisi imefungwa.

Nikatazama simu. Onyango alikuwa amenipigia mara kumi na moja. Chini yake ujumbe: "Wafu, mudir anatoka sasa hivi. Leta hiyo karatasi, wacha ujinga." Aliutuma dakika hamsini kabla. Abu Turki alinisubiri robo saa nzima, na si mtu wa kusubiri. Nikampigia. Akaniambia ameshapita ukaguzi uwanja wa ndege, anangoja kuitwa kupanda. Nikamwomba nimtumie picha ya karatasi. "Mafi picha, ya Wafula. Orijino. Halas, miezi mitatu." Yaani picha hataki, basi ningoje miezi mitatu. Hakuwa na hasira. Nadhani hasira ingenifaa zaidi. Akaongeza kwamba mtu wake akibebwa tena mabegani saa za kazi atamkata mshahara wa siku mbili.

Mister Marek alipoona uso wangu alitaka tumkimbilie mudir uwanja wa ndege kwa gari lake, dakika ishirini tu. Nikamweleza kwamba amekwisha kuingia ndani. Akanitazama, akaenda kwenye fainali yake.

Basi niko kwenye gari la abiria kurudi Bani Malik, karatasi yenye sahihi na muhuri imekunjwa kifuani, haina kazi. Nafikiria jinsi ya kumwambia mke wangu. Nilishamwambia anunue kuku wawili. Nilishamwambia amzoeze mtoto jina langu. Naandika sentensi kwenye simu, nafuta, naandika nyingine, nafuta. Kabla sijamaliza, yeye akapiga.

"Baba Imani, umeumia mguu?"

Video ilikuwa imemfikia. Onyango alituma kwenye kundi la Wakenya wa Jeddah, dada fulani akamtumia binamu yake Kitale, na kutoka hapo ikaenda Bungoma kwa miguu yake yenyewe. Nikasema mguu mzima, ila likizo imekwenda. Nikamweleza yote. Tangi, simu, uwanja wa ndege. Akasema kuku watataga basi, watangoja, na yeye amezoea kungoja. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulinimaliza.

Kisha nikasikia kelele nyuma yake. Mtoto anacheka. Si kutabasamu, ni kucheka kwa tumbo, kucheka kwa kwikwi. Nikamuuliza mamake, Imani amepata nini?

Akasema mtoto ameshika simu ya shangazi yake tangu saa moja. Anaangalia ninavyozunguka hewani na kunasa kwenye wavu. Ikiisha anamrudishia shangazi simu na kudai, "Baba tena."

Kwa hiyo huyo peke yake namruhusu acheke. Nyinyi wengine, tafadhalini, nyamazeni.