Gari Alilolikataa Shemeji

Jumatano, 3 Julai
Mke wangu Ngapoko kapata kazi! Kufua mashuka hospitalini, mji wa jirani wa Rotorua. Anaanza Jumatatu, na saa kumi na mbili asubuhi anatakiwa awe mlangoni, akichelewa siku ya kwanza nafasi anapewa mwingine. Saa hizo hapa Tokoroa hakuna basi. Julai huku ni katikati ya baridi, kuna barafu tu kwenye majani. Kwa hiyo gari linatakiwa, na haraka.

Akashusha kopo la biskuti, akatoa akiba yake yote, akanitia mkononi. Hakuiachia mara moja. Akasema, Baba Moana, nakuomba, kabla hujanunua muulize kaka yangu. Kaka yake ni Uirangi, mkaguzi wa magari kwenye gereji kubwa ya hapa mjini. Ndiye anayebandika stika za ukaguzi kwenye vioo vya watu, na anatembea kama yeye ndiye aliyeyaumba magari. Nikasema sawa, mke wangu. Moyoni nikasema ng'o!

Alhamisi, 4 Julai
Gari nimelipata! La Mzee Tangi, shemasi wetu. La bluu, kuukuu lakini lina heshima zake. Bei ya kutupa.

Mjinga hununua kwa macho. Mimi nimeingiza namba ya gari kwenye simu, nikalipia, historia nzima ya ukaguzi ikashuka. Loo! Limekataliwa breki. Limekataliwa kutu chini ya mlango. Mkanda wa dereva. Tairi kipara. Kutu tena. Kila likitengenezwa na kupita, ukaguzi unaofuata linakataliwa upya.

Halafu nikaona. Gereji ni ile ile kila mara. Ya Uirangi! Na nani hajui kwamba Uirangi na Mzee Tangi hawasemezani? Tangu mashindano ya ngoma, Mzee alipompokonya Uirangi ngoma kubwa mbele ya umati akampa mtu wa kisiwa cha Mangaia. Uirangi ni wa kisiwa cha Aitutaki, na visiwa hivyo viwili vinagombea ngoma tangu enzi za mababu. Mtu wa Aitutaki umpokonye ngoma umpe Mmangaia! Hilo halisameheki hata mbinguni.

Basi yote yako wazi. Gari halina kosa, kosa ni ngoma. Watu wengine wangesoma historia ile wakakimbia. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Ijumaa, 5 Julai
Uirangi kavuka barabara kutoka kwake, kaja kunywa chai, yaani kumaliza mkate wetu. Ngapoko akamtajia gari la Mzee Tangi. Mimi nilikuwa nimemkanya asiseme! Uirangi akaacha kutafuna. Akasema, shemeji, lile si gari, ni mkweche, chini kumeoza kote, nimelikataa mpaka mkono umechoka kuandika. Nikamuuliza kwa upole kama siku hizi bado anapiga ngoma. Akanuna papo hapo. Ushahidi gani tena unatakiwa?

Alipoondoka Ngapoko akasema kaka yake ana maneno mengi lakini kwenye kazi hadanganyi. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Akasema nguoni mwake niko mimi.

Jumamosi, 6 Julai
Mpango ulikuwa huu. Niende na historia yangu mkononi, nimsomee Mzee makosa yote kwa sauti ya huzuni, bei ishuke nusu. Gari zuri, bei ya gari bovu. Nilijifanyia mazoezi bafuni.

Nimefika, meza imejaa. Magimbi, majani yake kwenye tui zito, kuku wa kuchoma, samaki mbichi wa ndimu na nazi, saladi ya viazi ya rangi ya waridi. Mke wa Mzee akanivika shada la maua kichwani, akanijazia sahani. Nikaimaliza, akajaza tena. Sasa mtu umevikwa maua na mafuta ya kuku yanakutiririka kidevuni, utaanzia wapi kuzungumzia kutu?

Nikajikaza. Nikasema, Mzee, kuhusu zile breki. Akasema umefanya vizuri kunikumbusha, mwanangu, tusimame tuliombee gari. Tukatoka nje, akaweka mkono juu ya boneti, akaomba. Aliombea breki. Aliombea sakafu, na mlango wa kushoto, na mkanda wa dereva, akamsihi Mwenyezi aishike chesisi kwa mkono wake wa kuume maana chuma peke yake hakitoshi. Hakuacha kitu! Mke wake akasema amina. Na mimi nikasema amina. Ukishasema amina mbele ya shemasi huwezi kufumbua macho ukaanza kuomba punguzo. Jamani, ningeonekana mtu wa namna gani?

Kisha akaleta karatasi niweke sahihi, kwamba gari halina stika mpya na nimelichukua kama lilivyo, hapo lilipo. Akasema, mwanangu, mimi sikukuficha, nimemwambia Mungu yote nawe unasikia. Nikalipa bei yote. Nikapewa na saladi ya kwenda nayo.

Jumapili, 7 Julai
Nimelipeleka gari kanisani. Bila stika halitakiwi kuendeshwa, najua, lakini polisi gani anasimamisha gari la mtu aliyevaa tai na kushika Biblia? Breki zilichelewa kidogo. Nilisimamia kwenye uzio wa mchungaji, uzio ukainama, ukainuka. Hakuna aliyeumia.

Watu walinipongeza sana. Uirangi alikuwa anaimba besi, aliponiona na ufunguo akapoteza sauti. Wivu mbaya! Ngapoko aliliangalia gari, akaniangalia mimi, akauliza kama kaka yake amelipitisha. Nikasema limeombewa.

Jumatatu, 8 Julai
Siku mbaya. Siku mbaya sana!

Alfajiri, giza, barafu kila mahali. Ngapoko kavaa sare mpya, kaweka chakula chake kwenye kikapu. Nikamfungulia mlango kama bwana harusi. Akaingia, akaketi, akakanyaga chini kujiweka sawa. Mguu ukapita! Zulia, kutu, na kilichokuwa chini ya kutu. Mke wangu kakaa kwenye kiti, lakini mguu wake wa kulia umesimama barabarani. Nilitaka kucheka, nikamwona uso wake, hamu ikaniisha. Alikuwa analia bila sauti. Akasema, nilikuomba kitu kimoja tu.

Akachomoa mguu, akaokota kiatu, akavuka barabara hadi kwa Uirangi. Gari la Uirangi lilikuwa limeshawashwa, kioo kimeshakwanguliwa barafu, yeye kasimama pembeni na kikombe cha chai. Alijua, mshenzi! Akampa dada yake ufunguo. Mimi akaniinulia kikombe tu. Bora angenitukana.

Ngapoko aliwahi kazini.

Jumanne, 9 Julai
Sikubali kushindwa. Nimekodi gari la kuvuta, nikaupeleka mkweche mji wa Putaruru kwa mkaguzi asiyejua habari za ngoma. Mama mmoja Mzungu, miwani imening'inia kifuani. Alizama chini ya gari, akakaa huko, akawa anacheka peke yake. Alipotoka alikuwa ameona makosa ambayo hata Uirangi hakuyaandika! Akauliza nani alikuwa analikagua zamani. Nikamwambia. Akasema huyo bwana ana huruma sana, yeye angelizuia miaka mingi iliyopita.

Basi! Mwizi kapatikana! Kumbe Uirangi alikuwa analipendelea gari. Angeandika makosa yote kama inavyotakiwa, mimi nisingelinunua. Kwa hiyo hasara hii ni yake. Nimemweleza Ngapoko jioni. Akanizimia taa, akaenda kulala.

Ijumaa, 12 Julai
Nimeliuza kwa mnunua vyuma chakavu. Uirangi anakwenda kazini kwa miguu kila asubuhi, anapita dirishani kwetu makusudi, anapiga mluzi. Jana Ngapoko alisema kaka yake amempatia gari dogo zima kabisa, mwenye nalo anakubali kulipwa kidogo kidogo, kinachotakiwa ni kianzio tu. Kianzio ni hizo pesa za vyuma. Akasema, Baba Moana, ukizipata zilete nyumbani moja kwa moja, usisimame popote.

Sikusimama. Nilipunguza mwendo tu, pale kwenye shamba la misonobari, maana kulikuwa na gari jeupe limeandikwa linauzwa. Nikatoa simu, nikaingiza namba. Sasa hivi mimi sinunui bila historia.

Safi! Haijawahi kuonekana! Hakuna kosa la breki, hakuna la kutu, halijakataliwa hata mara moja. Kwa kweli miaka kumi yote hii halijakaguliwa kabisa, mwenye nalo kaniambia limekaa bandani, kuku wanalala ndani yake. Gari lingekuwa na kasoro si wangelipeleka likaguliwe?

Nimeacha pesa zote za vyuma kushika nafasi, Uirangi asije akaliwahi. Ngapoko nitamwambia akishakula.