Nimeshaitia Sifuri

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeamua. Jumapili baba mkwe atapiga shabaha kwa darubini, na darubini hiyo nitaichagua na kuifunga mimi. Mtu mwingine asiguse.

Mzee macho yamemchakaa. Jana klabuni aliinua bunduki yake ndogo, ile ya kupigia karatasi, akaiegemeza shavuni, akakaa hivyo, akakaa, kisha akaishusha bila kufyatua. Akasema kile kijiti cha mbele cha kulengea kimekuwa ukungu mtupu. Akasema mashindano ya Jumapili hii ndiyo ya mwisho kwake, baada ya hapo bunduki itakaa kabatini na yeye atakaa barazani. Alisema taratibu, kama mtu anayeleta habari za msiba. Nilihuzunika. Wallahi nilihuzunika! Mzee huyu sijawahi kumsikia akiomba radhi kwa mtu, na jana aliiomba radhi bunduki.

Bwana Sawasawa alikuwepo. Huyu ni mwanyumba wangu, mume wa dada wa mke wangu, fundi wa friji. Ukimwambia neno hujibu sawasawa, na kila anachoshika hutengenea sawasawa, ndiyo maana nikampa jina hilo na ndiyo maana simpendi. Mzee humwita mwanangu. Mimi huniita wewe bwana.

Ndiye aliyetaja darubini. Nikamkata kauli hapo hapo. Nikasema darubini ni lenzi, na mwenye lenzi katika ukoo huu ni mimi, mpiga picha za pasipoti. Mzee akanitazama, au akatazama upande niliokuwapo. Akasema basi, wewe bwana, nakuachia. Bwana Sawasawa akasema sawasawa.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda dukani. Muuza bunduki ni mtu mnene, mtaratibu, anayeongea kama daktari wa watoto. Akaniuliza bunduki ni ya aina gani. Nikamweleza. Akatoa kidarubini kimoja kifupi, akasema hiki ndicho. Akasema darubini za bunduki kubwa zimepangiwa mbali. Ukitazamia karatasi ya karibu, ukisogeza jicho kidogo tu ule msalaba wa ndani nao unahama. Hiki kimepangiwa karibu, kwa bunduki ndogo kama ya mzee.

Nikakitazama. Saizi ya tochi ya mfukoni! Nimpelekee baba mkwe tochi? Mbele ya Bwana Sawasawa? Nikaonyesha ile ya rafu ya juu, nene kama mkono wa mpishi, yenye kioo cha mbele ambacho ungeweza kujinyolea ndevu. Muuza bunduki akasema hiyo ni ya nyati. Nikasema mzee ana heshima yake. Akapumua, akasema mchagua jembe si mkulima. Watu wa maduka wana methali nyingi.

Kisha akaniuliza pete zangu za ukubwa gani. Nikamwambia nimeshaoa. Duka zima likacheka. Kumbe pete ni vile vyuma viwili vinavyolishika bomba la darubini mgongoni mwa bunduki. Kwa nini wasiseme vishikio? Kwa hasira sikumsikiliza vizuri alipouliza kama mgongo wa bunduki una mfereji mwembamba au reli pana. Nikasema pana. Mwanamume hawezi kutangaza wembamba mbele ya watu waliokwisha kumcheka.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Nimeharibiwa jina.

Asubuhi nilikwenda klabuni, kwenye chumba cha chuma zinakolazwa bunduki zote. Mtunza silaha akanipa meza, taa na bunduki ya mzee, akaikagua mbele yangu kwamba haina kitu ndani. Nikatoa pete. Miguu yake imetanuka, mgongo wa bunduki una mfereji mwembamba kama wa kupitishia uzi. Nikasukuma. Nikabembeleza. Nikagonga kidogo kwa kiatu. Mtunza silaha akaninyang'anya kiatu.

Nikaishikilia darubini juu kwa mkono, nipime kwa macho tu. Mkia wake ukakaa juu ya komeo, lile linaloinuliwa kuingizia risasi, likawa halifunguki. Mzee angepiga risasi ipi? Nikarudi nyumbani na kichwa kinauma.

Nikampigia simu muuza bunduki, nikiwa nyuma ya pazia la studio kwa sababu mbele kulikuwa na mteja. Nikamwambia nataka pete mbili, nyembamba. Nikamwambia ndiyo, zile za kwanza hazikumfaa kabisa. Darubini nikaisemea kama mtu, mteja asielewe: yule wa kwanza nilimchagua kwa unene, sasa nimekoma, nataka mdogo, yule mfupi aliyenionyesha Jumanne. Nikamwomba amweke pembeni asije akachukuliwa na mwingine.

Nilipofungua pazia, mke wangu amesimama na kikombe cha chai. Alikuwa amesikia yote.

Nimeeleza. Nimeapa. Nimechora mchoro wa bunduki. Ameuliza tangu lini bunduki ikaitwa mdogo, mfupi. Akampigia dada yake. Jioni simu yangu ikalia: Bwana Sawasawa. Kwa sauti ya chini, ya upole, akanisihi kama ndugu nimwache huyo mwanamke, kwani nyumba ni heshima. Bwana Sawasawa! Ananishauri mimi! Nikakata simu.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu amenisindikiza dukani kuhakikisha. Muuza bunduki akamwonyesha pete. Amezishika, amezigeuza, amecheka mpaka akaketi. Nimesamehewa, ila nimeagizwa nikitaka kusema siri nijifunze kwanza kuongea.

Muuza bunduki akakubali kubadilishana. Nikamwambia ile kubwa ina kasoro. Nikachukua kile kidogo pamoja na pete nyembamba. Sikuwa nimeshindwa. Nilikuwa nimerekebisha maoni.

Mchana nikaifunga darubini klabuni. Kazi nzuri! Pete zikaingia kwenye mfereji kama droo. Nikalaza bomba. Mtunza silaha akashauri nikaze skrubu kidogo kidogo, huku na huku. Hayo ni mambo ya watu wenye muda. Nikazikaza za upande wa kushoto zote, kwa nguvu yangu yote, mpaka zikalia. Kisha za kulia. Bomba likajipinda kiasi upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mlangoni, lakini lilikaa imara. Msalaba nikaulinganisha na fremu ya dirisha. Baadaye nikagundua dirisha lenyewe limeinama. Tofauti ndogo.

Nikiwa nafuta vidole vyangu kwenye kioo, mtunza silaha akasema sasa usisahau kuitia sifuri. Akasema darubini bila sifuri ni pambo. Nikamwambia najua. Sikujua. Lakini nikatazama vile visukani viwili vya kuzungusha, kimoja juu na kimoja ubavuni, nikaona namba pembezoni, na kati ya namba, sifuri. Ikawa wazi kama jua. Nikakizungusha cha juu hadi sifuri. Cha ubavuni nilikipitiliza, nikakizungusha raundi nyingine nzima, na nyingine, sifuri ikarudi. Sifuri ni sifuri. Mtunza silaha alipouliza kama nimemaliza nikamwambia sifuri zote mbili. Akashangaa kidogo, akasema hongera, leo hakusikia milio. Nikamjibu mimi hufanya kazi kimya kimya.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaikumbuka siku ya leo.

Mzee alikuja klabuni akishikwa mkono na mama mkwe. Nikaweka bunduki mezani, ikielekea uwanjani, nikamkalisha. Akaweka shavu. Akatafuta. Akasogea nyuma kidogo, mbele kidogo. Akatulia.

Nikaanza kuogopa. Kisha akasema anaiona karatasi. Akasema anaona na pini iliyoishikilia karatasi. Anaona kivuli cha pini. Akageuka, akanitafuta kwa mkono, akanishika bega, akalibana. Hakusema mwanangu. Lakini hakusema wewe bwana. Mama mkwe alijipangusa macho kwa pembe ya kanga. Mimi pia nilikuwa na vumbi jichoni.

Akaniuliza kama nimeijaribu kwa risasi. Nikamwambia Baba, usiwe na wasiwasi, nimeshaitia sifuri.

Bwana Sawasawa akasogea, akasema tuna muda, twende wote tukapige chache za kujaribu, mzee asipate tabu kesho. Nilimwona! Anataka na yeye aweke kidole. Kesho ikisemwa ni kazi ya mkwe, iwe ya wakwe wawili. Nikamwambia fungua friji zako. Kwa mara ya kwanza hakusema sawasawa.

Jumapili, 9 Machi

Mkono wangu ni mzito. Naandika hivyo hivyo.

Watu walijaa. Karatasi za shabaha zilipangwa bega kwa bega, zimebanana. Mzee nafasi ya tatu, Bwana Sawasawa nafasi ya nne, kulia kwake. Mwamuzi akatangaza kwamba kila mpigaji anaruhusiwa risasi za majaribio kabla ya zile za kuhesabiwa. Akamfikia mzee. Mzee akakataa. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma kwamba hazihitaji, mkwe wake ameshaitia sifuri. Watu wakanigeukia. Nilitanua kifua. Sijawahi kutajwa hivyo mbele ya umati.

Akapiga. Nimemwona mzee akipiga mara nyingi, lakini si hivi. Pumzi, kimya, mlio. Pumzi, kimya, mlio. Bega halikutikisika. Mama mkwe alikuwa akinong'ona dua. Risasi zake tano zikaisha, akashusha bunduki akitabasamu kama kijana. Akasema zote alizihisi.

Karatasi zikaletwa. Yake ikawa nyeupe.

Nyeupe! Kama imetoka dukani. Mwamuzi akaigeuza, akaiinua kwenye jua, akasema sifuri. Nyuma yangu mtu akacheka, akasema si alisema ameitia?

Mzee aliomba apewe karatasi. Akaipapasa kwa kiganja, juu, chini, pembeni, akitafuta hata mkwaruzo. Kisha akavua kofia. Akamwambia mwamuzi kwamba inatosha. Akasema kumbe si kijiti cha mbele kilichochoka, ni yeye. Akamwambia mama mkwe waende nyumbani, na bunduki apewe yeyote anayeitaka. Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu. Nilitamani anitukane! Nilijua hapo kwamba kuna kitu nimekosea, sikujua ni kipi. Mzee akaanza kuondoka huku akihesabu hatua kwa fimbo, nami nikamtazama tu. Najiandikia mwenyewe, kwa hiyo naandika: niliona aibu.

Ndipo Bwana Sawasawa akamwita Baba, subiri. Alikuwa ameshika karatasi yake. Alipiga tano, ina matundu kumi. Matano yametawanyika, hili huku, lile kule. Hayo ni yake, alikiri mwenyewe bila kulazimishwa. Mengine matano yako pembeni juu, yamekaa pamoja, ungeyafunika kwa kidole gumba.

Akamwekea mzee karatasi mkononi, akachukua kidole chake, akakipeleka pale. Mzee akapapasa. Akapapasa tena. Akauliza haya ni ya nani. Bwana Sawasawa akasema ni yako, Baba. Macho yako ni mazima. Bunduki ndiyo iliyotazama kwa jirani.

Mzee alikaa chini palepale, kwenye nyasi, na kofia yake. Akacheka, kisha akalia, kisha akacheka. Mama mkwe akakaa naye.

Halafu akauliza kwa utulivu sifuri niliitiaje. Nikamweleza visukani. Mtunza silaha akafumba macho. Mwamuzi akanieleza, polepole, kwamba kutia sifuri ni kupiga, kutazama risasi ilipoangukia, kuzungusha, na kupiga tena, mpaka msalaba na risasi vikutane mahali pamoja. Nikamwambia kwamba tatizo lilikuwa pete.

Jumatatu, 10 Machi

Mambo yametengemaa. Bwana Sawasawa ameifungua darubini, ameifunga upya, na amepiga na mzee asubuhi nzima hadi ikakaa sawa. Mzee amefuta habari ya kustaafu. Atashiriki tena mwakani, na mwaka unaofuata Mungu akipenda. Ametoa amri moja tu klabuni: mimi nisikaribie bunduki yake nikiwa na bisibisi. Kaagiza ibandikwe mlangoni. Imebandikwa, pamoja na picha yangu, saizi ya pasipoti, niliyopiga mwenyewe. Angalau mwanga ni mzuri.

Nimetafakari kwa utulivu. Lau ningeitia sifuri kama wanavyotaka wao, mzee angepiga vizuri, watu wangepiga makofi, yamekwisha. Nani angezungumza? Sasa mji mzima unajua kwamba mzee anaweza kupiga shabaha ya jirani bila hata kuikusudia. Macho yake yamethibitishwa na nani? Na mimi. Hawataki kusema tu. Shukrani ya punda ni mateke.

Hata hivyo sina kinyongo. Leo mchana nilipokwenda kuwasalimu, nilimkuta mama mkwe dirishani na cherehani yake, anahangaika kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Alijaribu, akalamba uzi, akajaribu. Akasema macho ya uzee haya, mwanangu, basi tu.

Aliniita mwanangu! Niliiazima cherehani, nikarudi nayo nyumbani mbio. Muuza bunduki ameniambia kwa simu kwamba darubini ya kutazamia kitu kilicho umbali wa kiganja haipo. Nimemwambia anipe hiyo hiyo ya nyati, nitaigeuza mbele nyuma.

Mke wangu ameuliza kwa nini napima kichwa cha cherehani ya mama yake kwa kamba. Nimemwambia asubiri Jumapili, ataona.