Ng'ombe Kumi kwa Nyumba ya Litapunga

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Padri kaniambia niwe naandika dhambi zangu kila siku, maana kwenye kitubio nazisahau kubwa nakumbuka ndogo. Basi naandika. Leo sijatenda dhambi. Nimeamua tu kuuza nyumba ya baba kule Litapunga. Vyumba vitatu, tofali za kuchoma, bati, kisima hatua chache. Iko mbali na lami, sawa. Nataka kununua mashine ya kukamua alizeti. Kuku wa mayai walikufa, kibanda cha kuchaji simu kiliungua. Mashine haifi.

Nimepita kwa Alex, dalali, hapa mjini Mpanda. Swali lake la kwanza: nani anakaa humo? Nikasema hakuna mtu. (Hii nadhani ni dhambi. Anakaa dada yangu Leticia, mjane, mwaka wa sita sasa. Baba alituachia wote wawili.) Alex akasema yeye anachukua moja ya kumi. Nikamwambia hata Mungu anaomba hiyohiyo, na Yeye analeta mvua. Akacheka. Akasema nyumba ya porini bila dalali nitawauzia nyani.

Atanitambua.

Jumatano, 6 Agosti

Mteja nimempata mwenyewe, mnadani. Mzee Masalu, mfugaji, Msukuma. Wake zake wawili hawaivi chungu kimoja, anatafuta nyumba karibu na maji amhamishie yule mdogo. Pesa mkononi hana. Atalipa ng'ombe kumi.

Nikapiga hesabu. Alex angekula ng'ombe mzima. Wangu. Kwa kazi ya kuuliza maswali.

Dada nitamtafutia pa kukaa. Sijajua wapi. Hilo nimeliweka mwisho.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempeleka mzee akaone nyumba. Njiani nikamwomba asitaje biashara mbele ya dada. Nikamwambia kwetu Wakonongo wanawake huambiwa mwisho. Uongo. Kwetu wanawake wanajua jambo kabla hujalifikiria.

Mzee kagonga kuta, kaangalia bati, kauliza kisima kinakauka mwezi gani. Dada akamjibu yote, akamletea ugali na kisamvu. Mzee akasifia kisamvu mara mbili. Anaondoka, dada kanivuta pembeni: huyu mgeni ni nani? Nikasema ni mtu mwenye ng'ombe, ana nia nzuri. Nia gani? Nikasema dada, usiharakishe mambo.

Kacheka, kaziba mdomo kwa kanga. Tangu shemeji afariki sijamwona anacheka hivyo.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo nilikuwa nao. Nikapanda bodaboda nikarudi mjini.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa nimeenda Litapunga. Sikuitambua nyumba. Dada kachota udongo mweupe mtoni, kapaka kuta zote. Kasuka nywele. Kauza mahindi ya akiba, kanunua kitenge. Kaenda kwa jirani Msukuma kujifunza kupika michembe, viazi vile vya kukausha. Kaniuliza kama mzee anaipenda laini au ngumu. Nikasema laini. Sijui.

Nikaona nyumba imepanda thamani. Nikamsifia. Nikamwambia tu ule mlango wa nyuma unapiga kelele, mgeni hapendi mlango wa kelele. Kautengeneza mwenyewe, kwa nyundo ya kuazima, mimi nimekaa kwenye kigoda nakunywa uji wake.

Dhambi hii naiandika bila mabano.

Jumatano, 13 Agosti

Mtendaji wa kijiji kagoma. Hapigi mhuri bila kikao: ndugu, majirani, mwenyekiti wa kitongoji. Na dada lazima asaini.

Nimempigia simu shangazi Dorotea, huko Kabungu. Nikamwambia aje Jumamosi, kuna kikao, kuna mzee analeta ng'ombe kumi. Shangazi kasema, "Kumi? Kwa Leticia, na umri ule? Mwanangu, leo umefanya kazi."

Nikasema asante shangazi.

Mpango wangu ulikuwa huu: dada akiwa katikati ya watu, ng'ombe wapo uani, chakula kimeiva, ataona aibu kukataa. Ataweka sahihi. Ndivyo nilivyopanga, kwa akili timamu, baada ya kula. Padri akifika hapa apumzike kwanza.

Jumamosi, 16 Agosti

Ng'ombe walifika saa nne asubuhi. Shangazi na wanawake wa jirani waliwapokea njiani kwa vigelegele. Wakamtandikia Mzee Masalu kanga chini hadi mlangoni. Wakamwita mkwe. Shangazi akamfunga kitambaa kipya mkononi. Mzee kaninong'oneza kwamba kanunua vitu vingi maishani, ila Wakonongo ndio wanajua kuuza nyumba. Akacheza kidogo.

Alex naye alikuwepo. Habari zilimfikia mjini. Kakaa kwenye benchi la majirani, kanyoosha miguu.

Mtendaji akafungua karatasi akasoma kwa sauti. Mauziano ya nyumba. Muuzaji, Krispini, ndiye mimi. Mnunuzi, Masalu, anainunua kwa ajili ya makazi ya mke wake mdogo, Monika.

Vigelegele havikukatika mara moja. Vilikatika kimoja kimoja. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja asiyesikia vizuri, shangazi akamshika mkono.

Dada alikuwa ananawisha watu. Nilidhani beseni litaanguka. Halikuanguka. Alimaliza mstari mzima, mmoja mmoja, akafika kwangu. Akanimiminia maji taratibu kama mgeni mwingine yeyote. Hakunitazama usoni, alitazama mikono. Halafu akamwomba mtendaji arudie kusoma. Mtendaji akarudia, sauti imepungua.

Dada akasema wageni wale kwanza, chakula hakina kosa.

Tukala. Michembe ilikuwa laini. Mzee Masalu alikula kidogo, kainamisha kichwa. Vyombo vilipotolewa dada akasema hasaini. Hakuongeza neno. Shangazi ndiye aliyeongeza. "Krispini, nyumba umeiuza kwa karatasi. Dada yako ulishamuuza kwa mdomo."

Mzee kasimama, kavua kofia, kamwomba dada radhi kwa kosa lisilo lake. Kaanza kukifungua kile kitambaa mkononi, kikamshinda, dada kamsaidia. Kisha kanigeukia mimi. Kasema kafuga miaka arobaini na hakuna ng'ombe aliyewahi kumdanganya.

Kaswaga ng'ombe wake tisa kaondoka. Mmoja, mtamba mwekundu, kamwachia dada. Heshima ya chakula.

Tisa wamerudi, mmoja kabaki, na si wangu. Alex alinipita akielekea kwenye pikipiki. Akasema taratibu, "Kaka, si nilikuuliza nani anakaa humo?"

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda misa. Nimelala sebuleni kwa dada, hakunifukuza. Angenifukuza ingekuwa nafuu. Asubuhi kaniwekea chai na kiazi. Nikaanza kueleza habari ya mashine ya alizeti, jinsi ambavyo na yeye angepata mafuta ya bure. Kanisikiliza mpaka mwisho.

Halafu kasema, "Nyumba tungeongea tu, Krispini. Mimi kilichoniuma, nilisuka."

Akatoka na ndoo kwenda kumnywesha mtamba.

Nimelia. Nina miaka hamsini na moja na nimelia juu ya kiazi. Nimeenda kwenye kaburi la baba, liko hapo nyuma ya jiko, nimepiga magoti. Nimeapa sitauza nyumba. Nimeapa sitamdanganya dada tena, hata kwa jambo dogo. Niliporudi nikakuta kafumua nywele zote. Kitenge kakikunja, kakiweka juu ya kabati, chini ya magunia.

Jumatano, 20 Agosti

Niko bado Litapunga. Namkatia mtamba majani asubuhi na jioni. Ni toba. Dada ananijibu neno mojamoja. Mashine ya alizeti sijaiwaza siku tatu.

Leo kapita Gratien wa Kasekese, anauza chumvi ya mifugo kwa pikipiki. Mtu mpole, rika la dada. Kasimama muda mrefu anaangalia kuta. Kauliza nani kazipaka vizuri hivi. Nikamuuliza ana mke? Akasema alifariki, mwaka wa tatu huu.

Mgane wa kweli. Nilimuuliza mara mbili nihakikishe. Hapa hakuna uongo hata kidogo, padri mwenyewe asome. Na mtu kama huyu akioa atamchukua mke kwake Kasekese. Dada atapata mwenzake. Nyumba itabaki tupu, na akija mtu akauliza nani anakaa humo, nitajibu hakuna mtu, na itakuwa kweli. Wala dalali hahitajiki.

Nimemwambia Gratien aje Jumapili, kuna chakula.

Dada sijamwambia kitu, niliapa sitamdanganya. Nimemshauri tu asuke.