Kompyuta Nayo Hupumzishwa Kwanza

Jumatatu, 4 Februari 2013, Palma

Dada yangu Alima, assalamu alaykum. Hujambo huko Mtwara? Goti linaendeleaje? Sisi wazima, alhamdulillahi. Daftari hili ni la siri, lakini siri usiyoijua wewe hainikai moyoni. Wiki ikiisha nitakutumia.

Tangu gesi ionekane baharini, wageni wa kila namna. Wametuletea chumba cha kompyuta. Ziko nne, zinatumia umeme wa jua. Ufunguo ninao mimi, kwa muda tu. Leo Injinia Fernanda wa Pemba, ile ya huku kwetu Msumbiji, kasema ajira ya kudumu ni ya mtu mmoja: mimi au Délcio, fundi wa Mueda mwenye cheti. Mtihani wenyewe: kuandika maelezo ya kiendeshi. Hiki ni kijiprogramu ndani ya kiini cha mfumo wa kompyuta. Ndicho kinachopandisha na kushusha kasi ya prosesa, ubongo wa mashine, betri isiliwe bure. Tutaje kasi zote, na lini inatumika ipi. Maelezo yatapelekwa hadi vijiji vya Mute na Olumbi. Kwa Kiswahili! Na Kiswahili cha Délcio ni cha kuungaunga. Nimeshamwambia imamu kwamba kazi nimepata.

Jumanne, 5 Februari

Nimeanza kwa bismillahi. Kuna amri, ukiiandika, kompyuta inakutajia kasi yake kwa megahezi. Lakini sikuwa na pupa. Kwetu mgeni hatumuulizi habari mpaka aketi, anywe maji, avute pumzi. Nikafunga kila kitu, nikaiacha ipumzike robo saa. Nikauliza. 800. Nikaipumzisha tena. 800. Mara kumi na mbili! Kwenye boksi wameandika 2,000. Uongo wa biashara. Nimeandika: "Prosesa hii ina kasi moja tu."

Mke wangu Awa kaniuliza: mtu akimkuta yeye amelala, ataandika kwamba hajui kutwanga? Nikamwambia kiini cha mfumo si kinu.

Jumatano, 6 Februari

Nimechungulia karatasi ya Délcio. 2,000 kila mstari! Nimecheka mpaka kofia ikaanguka. Yeye hupima huku video tatu za muziki zinacheza pamoja. Hana adabu hata kwa mashine. Kanifuma ninachungulia, akaniita mjomba kwa Kireno chake. "Ê, tio Buanali, wewe unaipima kompyuta au unailaza?" Nikamjibu kwa upole kwamba Mungu anamwona.

Nimepata hila: alasiri nimempelekea Injinia barua. Nimemwarifu, kwa uchungu mkubwa, kwamba kuna mtu hapa anabuni tarakimu.

Alhamisi, 7 Februari

Injinia kaja na barua yangu mkononi. Kaisoma mbele ya Délcio, yote, mpaka salamu za mwisho. Ya Rabi!

Kisha akakaa kwenye kompyuta yangu, imepumzika vizuri. 800. Akaipa hesabu ndefu ya kukokotoa. 2,000! Hesabu ikaisha: 800. Akasema mimi nimepima isiyo na kazi, Délcio iliyozidiwa na kazi. Huko kupanda na kushuka ndiko kiendeshi chenyewe, na hakuna aliyeandika hilo. Nikamweleza habari ya mgeni na maji. Alicheka mpaka akavua miwani. Délcio naye akacheka, utadhani yeye kafaulu.

Ajira bado haina mwenyewe. Jaribio la mwisho: kila mmoja kapewa betri moja na kompyuta mbili, aandike betri inadumu saa ngapi.

Jumamosi, 9 Februari

Jana baada ya sala ya Ijumaa nilikaa nikatafakari kosa langu. Nimeliona. Robo saa ilikuwa fupi mno.

Basi leo, tangu alfajiri, nimezima kompyuta zangu zote mbili. Nimezima taa. Nimezima hata feni. Betri nimeifunika kanga ya Awa isipate vumbi. Adhuhuri nikakiuliza kipimo chake: imejaa. Alasiri: imejaa. Magharibi: imejaa! Nimeandika kwa herufi kubwa: "BETRI HII HAIISHI."

Délcio kawasha kila alichonacho, na video zake. Betri yake imekufa saa nane mchana. Eti akaandika hivyo hivyo, saa kwa saa, bila haya. Nimemwonea huruma, nikampa muhogo wa kuchoma.

Injinia anasoma karatasi Jumatatu. Imamu nimeshamwambia tena. Dada, nakuomba unijibu upesi: siku ya kwanza kazini nivae kanzu au suruali?